Mgomo Uliotolewa Kitabuni

Miaka ya sabini nilifundisha ngumbaru, yaani watu wazima wasiojua kusoma, katika ukumbi wa Kaloleni, mjini Kisumu. Mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote alikuwa mjane muuza samaki, aliyekuja darasani moja kwa moja kutoka sokoni. Marehemu mumewe alikuwa kuli bandarini. Wakati wa mkoloni yeye na wenzake waligoma kupakua meli, akafungwa, akatoka jela na kifua kibovu. Kitabu chetu kilikuwa na ukurasa mmoja juu ya mgomo huo. Mama yule alijiandikisha ili aweze kuusoma mwenyewe.

Kisha tukaletewa kitabu kipya, pamoja na amri ya kurudisha vyote vya zamani. Jalada lilikuwa lile lile. Ila penye mgomo, sasa paliandikwa kwamba uhuru uliletwa na chama na kiongozi wake, na watu wa ziwani wakaupokea kwa furaha.

"Mwalimu, watu wa bandari wamewaweka wapi?" akaniuliza.

"Soma kilichoandikwa, Mama."

Siku hizo watu walikuwa wakichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Wiki iliyofuata mkaguzi alifika na mwanamume ambaye hakujitambulisha; huyo akakaa nyuma, karibu na mlango. Mkaguzi akamwinua yule mama asome. Alifungua kitabu kipya, akafuata mistari kwa kidole, lakini kilichomtoka kinywani kilikuwa ule ukurasa wa zamani, neno kwa neno.

"Mama, hayo yameandikwa wapi?" mkaguzi akauliza.

"Hapa, Bwana. Labda kitabu yako ni ingine."

Yule wa nyuma hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Nani amemfundisha hayo?"

Mume wangu alikuwa karani wa serikali, na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya serikali. Nikasema, "Sijui, Bwana. Huyu mama bado hajui kusoma. Anabahatisha tu."

Wakacheka, wakaandika kitu, wakaondoka. Hakuna aliyetuuliza tena.

Mama aliketi polepole, akafunga kitabu. Hakunilaumu, siku hiyo wala baadaye. Aliendelea kuja hadi mwisho wa mwaka, akafanya mtihani, akapita vizuri kuliko wote. Cheti chake alimtuma binti yake aje akichukue kwangu.