Maji Kwenye Vitako vya Mabakuli

Kampuni ya Ulaya ilipofungua kituo cha utafiti mjini Kanazawa, wakubwa walitaja sababu nzito nzito: kuwa karibu na wanunuzi, kupata wataalamu wa huko, na unafuu wa kodi, ambao waliutaja kwa sauti ya chini. Ukweli ni kwamba mashine zao za kuoshea vyombo zilikuwa zimedoda madukani Japani nzima na hakuna aliyejua kwa nini. Chizuru, mhandisi mzaliwa wa hapo hapo, akaajiriwa awaulize wanunuzi wenyewe.

Masikini, hakujua anaingia wapi. Akina mama walikuja kituoni, wakanywa chai, wakafungiwa keki za kupeleka nyumbani, wakaijaribu mashine, kisha wakainama na kuisifu. Haina kelele. Rangi yake inatuliza. Nani angekula keki ya mwenyeji halafu amtie aibu? Wakarudi kwao kuosha vyombo kwa mikono.

Mkuu wa kituo, Bwana Reinders, aliyejivunia Kijapani chake, akazipeleka sifa zote Ulaya. Ulaya wakajibu kwamba kama mashine haina kasoro, kituo hakina kazi. Kingefungwa mwisho wa mwezi. Chizuru akachanganyikiwa. Alihitaji mlalamikaji mmoja tu, na huyo alikuwa naye nyumbani: mama mkwe wake, Bi Fusae, ambaye tangu harusi hajamaliza bakuli la supu yake bila kulitia ila.

Akampeleka, akayapanga mabakuli mwenyewe mashineni. Mashine ilipokwisha kuosha, Bi Fusae akainama mpaka chini mbele ya Bwana Reinders, akasema ni chombo cha heshima kabisa.

"Mama, sema ukweli tu," Chizuru akamnong'oneza.

"Mashine haina neno," Bi Fusae akasema, akiufungua mlango wake. "Tatizo ni huyu mkwe wangu. Ona ulivyoyafudikiza mabakuli, maji yote yametuama kwenye vishimo vya vitako. Mtu akiyatoa anajimwagia miguuni. Hata kuosha bakuli hujui, mwanangu?"

Chizuru alitaka kujitetea kuwa chanja zile zilitengenezewa sahani bapa, na bakuli halikai namna nyingine. Hakupata nafasi. Bwana Reinders alikuwa ameshapiga magoti, akichovya kidole kitako kimoja baada ya kingine, uso umemchanua.

Kituo kikaongezewa miaka mitatu, na Bi Fusae akapewa cheo cha mshauri. Siku hizi Chizuru anasemwa asubuhi nyumbani, anasemwa mchana kazini, na kazini Bwana Reinders humwomba mama arudie polepole.