Picha Ambayo Mama Mdogo Hakuweza Kuibahatisha

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma ng'ambo, kwenye maabara yenye mashine ya kupiga picha ubongo ukiwa kazini. Mtu alilala ndani, tukamwonyesha vitu, kisha tukachora ramani ya sehemu ya kisogoni inayopokea yale macho yanayoona. Mimi nilichagua cha kumwonyesha. Nilianza na picha za nyumba na sura za watu, nikaziacha, maana ziliamsha kumbukumbu na kuivuruga ramani. Nikachukua miraba myeusi na myeupe, isiyomkumbusha mtu chochote. Niliijua kazi yangu.

Likizo moja nikarudi Mpanda, nikamkuta mama mdogo, fundi cherehani wa mtaa wa Makanyagio, ameacha kushona. Tangu alipopata kiharusi alikuwa anajigonga kwenye milango, na mishono ilimwendea upande. Miwani alishabadilisha, bila nafuu. Majirani walisema macho yanakufa, naye aliwaamini.

Nikampa picha ya harusi yake. Akataja watu wote, kushoto mpaka kulia. Sikuridhika, kwa sababu picha ile aliijua kwa moyo. Nikakata kipande cha katoni, nikakipaka wino kama ubao wa drafti, nikakaa mbele yake. Nilimwomba afunike jicho moja, akazie macho pua yangu, aseme kipande kikitokea. Upande wake wa kulia alikiona mara moja. Kushoto nilikitikisa mpaka mkono ukachoka, yeye kimya. Tukabadilisha jicho, ikawa vilevile.

"Mama mdogo, macho yako ni mazima," nikamwambia. "Kilichoumia ni ubongo huku kisogoni, upande wa kulia. Ndio unaopokea vya kushoto."

Akavua miwani, akaiweka mapajani. "Kwa hiyo sipofuki?"

"Hupofuki. Ila hiyo nusu huenda isirudi. Itabidi uitafute kwa shingo."

Daktari wa hospitali alimpima, akakubaliana nami, akamwongezea dawa za presha. Mimi nikafunga utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza ya cherehani. Kabla ya kukanyaga pedali alitakiwa kugeuza kichwa mpaka auone. Siku za mwanzo alinuna, akisema nimemfanya mtoto. Likizo ilipoisha alikuwa anashona sare za shule, polepole, na alinikaripia kila niliposimama kushoto kwake bila kusema neno.