Linah na Rangi ya Malaria

Kazi ya Linah Nasambu ilikuwa kutengeneza uchafu wa malaria. Ndivyo alivyowaambia majirani walipomuuliza anafanya nini huko maabara ya chuo, nao wakacheka wakidhani anatania.

Hakuwa anatania. Kimelea cha malaria hula damu, na damu ikishaliwa hubaki hemu, kitu chenye chuma katikati yake, ambacho ni sumu kwa kimelea chenyewe. Basi kimelea huifungia sumu hiyo. Hemu mbili hushikana, chuma cha hii kikishika mkono wa ile na cha ile mkono wa hii, kisha jozi hizo hupangana na kuwa fuwele ya kahawia. Linah aliitengeneza fuwele hiyo bila kimelea, kwa hemu ya kununuliwa na asidi ya moto, ili watafiti wajaribu dawa za kuizuia isikue. Ikipigwa eksirei, ilitoa mistari ileile ya fuwele ya kimelea. Kwake ulikuwa unga tu. Aliukausha, akanawa mikono, akaenda kula.

Mwezi wa Mei mumewe Wakoli, fundi wa kuchomelea mageti, alienda Bungoma, kwenye mbu wengi kuliko Eldoret, kumzika shangazi yake. Alirudi mzima. Baada ya majuma kama mawili akaanza kutetemeka.

"Ni hii baridi ya Eldoret tu," alisema. "Nipe chai."

Linah alimpa chai na dawa ya maumivu, akaenda kazini. Asubuhi iliyofuata alimkuta ameketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, akiongea na marehemu shangazi yake kana kwamba amesimama mlangoni. Linah aligeuka akatazama mlango. Alimpigia simu Macharia, jirani mwenye duka na pikapu, wakampakia na kumkimbiza hospitalini.

Daktari Mwihaki alimtoa damu. Mpimaji wa zamu alikuwa Kiplimo, aliyesoma na Linah zamani, naye akamwita ndani ya chumba cha vipimo.

"Vimelea ni vichache," alisema.

Linah alishusha pumzi. "Asante Mungu."

"Ngoja kwanza. Angalia chembe nyeupe za damu."

Aliinama kwenye darubini. Ndani ya chembe nyeupe, moja baada ya nyingine, kulikuwa na punje za kahawia. Aliijua rangi ile kama anavyoijua rangi ya chai yake.

"Hizo chembe zimekula mabaki," Kiplimo alisema taratibu. "Wadudu wengi walishapasuka. Wengine wamejibana kwenye mishipa ya ndani, hapa hatuwaoni."

"Ni malaria ya kichwa?" Linah aliuliza.

Kiplimo alichukua majibu akatoka mbio kumtafuta daktari.

Walimdunga Wakoli sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali. Mchana akashikwa na degedege, kitanda kikagonga ukuta, na Linah akasukumwa nje ya pazia. Alisimama hapo akisikia kitanda kikigonga. Alijua kila kiungo kilichoishikilia fuwele ile. Lakini kama mumewe angeamka, hakujua.

Daktari alipotoka, Linah alimshika mkono. "Daktari, ile rangi itatoka?"

"Rangi siyo ya kuogopa sana, mama. Inatuonyesha tu ugonjwa umefika wapi."

"Umefika wapi?"

"Mbali," daktari alisema. "Dawa tumempa. Sasa tunamwangalia."

Siku iliyofuata Wakoli hakufungua macho. Linah alikaa akimshika wayo, kwa kuwa mikononi kulikuwa na dripu, na kila wayo ulipopoa kidogo moyo wake ulishtuka. Kesho yake Wakoli aliomba maji. Alimtazama mkewe, na Linah akaogopa kumuuliza kama anamjua.

"Linah," akasema, "mbona umekonda?"

Alipona, ila mkono wa kushoto ulibaki ukitetemeka, na kazi ya mageti akairudia polepole. Linah alirudi maabara. Siku ya kwanza alifungua chupa ya unga, akaifunga, akamwomba mwenzake aupime kwa niaba yake.

Mwezi wa Agosti simu ikapigwa kutoka Bungoma: msiba mwingine.

"Nitabeba neti," Wakoli alisema. "Na nikisikia baridi tu, naenda kupimwa."

Linah alikuwa akianika nguo. Alikamua shati lile lile mara ya pili, kisha tena, huku akimsikia mumewe ndani akitafuta begi.