Shemeji Ameziba Tundu la Debe la Kuku

Nina hasira hadi chai imenishinda.

Mnalijua lile debe langu la mafuta ya taa. Nililitoboa tundu moja chini kwa msumari, nikalijaza maji, nikaubana mfuniko, nikalisimamisha kwenye karai. Kuku wakinywa, maji yanashuka kidogo kidogo. Nami naenda shambani kwa amani.

Leo nimerudi kutoka kuchuma kahawa.

Karai kavu. Kuku wanahema midomo wazi, na tetea wangu mweupe amelala, hanyanyuki.

Shemeji yangu, aliyerudi juzi kutoka vita vya Burma, anatabasamu.

"Mulamu, shemeji yangu, debe lako lilikuwa linavuja. Nimeliziba kwa sabuni."

Sabuni yangu ya kufulia, tena.

Nikamwambia lile tundu ndilo linalowanywesha kuku. Akanijibu, "Jeshini ukikutwa na debe linalovuja unaadhibiwa."

Kabla sijamjibu, mama mkwe akatokea na kisu. Eti tetea asife kibudu, na mtoto wake leo amefanya kazi.

Ingekuwa ninyi, mngenyamaza?

Maana sasa hivi wanakula. Ndizi nimepika mimi, na firigisi amepewa fundi wa debe.