Mwaka Nilioanza Kunenepa Tena

Nilipofika kilo mia na thelathini, magoti yaligoma. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea, nikifundisha nimekaa. Sukari nayo ilikuwa imeshanianza. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini tangu miaka ya tisini, akanipigia simu kusema huko kuna madaktari wanaopasua na kulipunguza tumbo ili mtu atosheke na chakula kidogo. Nilikwenda likizo ya Desemba. Kwa watu nilisema nakwenda kumsalimia kaka.

Nilificha kwa aibu. Mtu mzima, mwalimu, ashindwe kujizuia kula mpaka akatwe tumbo?

Mwaka uliofuata nilikuwa nimepungua kilo hamsini. Nilipanda ngazi za ofisi bila kushika ukuta. Lakini miaka ile, kwetu, aliyekonda alipewa ugonjwa mmoja tu. Nikiingia ofisini, mazungumzo yanakatika. Jirani akawa ananiletea uji, anauacha mlangoni bila kuingia. Habari zikafika Narung'ombe kwa mama.

Alikuja na kuku wawili, unga wa muhogo na kapu la korosho za kukaanga. Hata kuketi hakuketi. Alinishika mkono, akauzungushia vidole vyake kuupima.

"Unaumwa tangu lini?"

"Siumwi, mama."

"Basi kula nikuone."

Daktari alikuwa amenipa masharti, nami niliyajua kama jedwali la kuzidisha. Nianze na samaki, mayai au kunde. Nitafune mpaka kilainike kabisa. Nisinywe chochote pamoja na chakula, na nisidokoe kati ya mlo na mlo. Yote niliyasahau mbele ya macho ya mama. Nilimeza matonge matatu ya ugali harakaharaka, yakanikwama chini ya kifua, nikakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Mama alisikia. Kwake huo ukawa ushahidi.

Basi nikatafuta vinavyopita bila shida: korosho, biskuti, soda, chai ya maziwa yenye sukari. Nilitafuna punje mbili tatu mchana kutwa, hata darasani nikiwa nimewageuzia watoto mgongo. Mama aliona nakula, akarudi Narung'ombe na moyo mwepesi. Ofisini wakaanza tena kunitania. "Mwalimu, sasa umerudi kuwa mtu!" Maneno hayo yalinipendeza kuliko nilivyopenda kukiri.

Ulipopita mwaka na kitu, kilo kumi na nane zilikuwa zimerudi, na sukari imepanda. Nilikwenda kliniki ya hospitali ya misheni, akanipokea sista mmoja wa makamo, mtu wa kusema taratibu. Huyo nilimweleza habari ya upasuaji.

"Unakula mara ngapi kwa siku?"

"Tatu."

"Na katikati?"

Nilifungua mkoba nitoe leso, korosho zikamwagika sakafuni. Hakucheka. Aliinama tukaziokota pamoja.

"Walipunguza tumbo," alisema, "mkono hawakuupunguza. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana. Huwezi kushika masharti kwa siri mbele ya watu wanaokulisha kwa huruma. Anza na mama yako."

Jumamosi nilikwenda Narung'ombe. Mama alikuwa uani anapukuchua mbaazi. Nilimweleza mara mbili, hakunielewa, nikapandisha blauzi. Alipitisha kidole juu ya kovu, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema kitu kwa Kimwera, kama anaongea na mtu mwingine, kisha akaniangalia.

"Kumbe nilikuwa nakulisha mpaka unatapika."

"Si kosa lako, mama."

"Ni lako! Unajua nimekuzika mara ngapi moyoni mwangu?"

Alilia, nami nikalia. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga, akauliza naruhusiwa kula nini.

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kwake, alinipakulia mbaazi na samaki katika kibakuli cha mtoto, na maji aliyaweka mbali. Nachingwea nilianza kutembea kwa miguu kwenda na kurudi shuleni. Korosho niliacha kuweka nyumbani. Kila mwisho wa mwezi nilipanda mizani ya sista. Miezi miwili mshale haukusogea, nikataka kuacha. Sista aliniambia nirudi tu mwezi ujao, basi. Nilirudi, na kilo moja ilikuwa imeondoka.

Baadaye tulikwenda Ruangwa kwenye harusi ya binamu yangu. Wapakuaji walinijazia sahani ya pilau. Kabla sijafungua mdomo, mama akasimama.

"Jamani, huyu alipasuliwa, tumbo lake dogo. Msimlazimishe."

Wanawake wote waligeuka kunitazama. Nilitamani kujifunika kanga usoni. Kisha mmoja akauliza kama kovu bado linauma, mwingine akanipunguzia wali na kuniongezea kipande cha nyama, na mazungumzo yakarudi kwa bibi harusi.

Kilo themanini sikuzifikia tena. Nilisimama kwenye themanini na sita, na miaka ikapita nikiwa hapohapo, mwezi mwingine juu kidogo, mwingine chini. Sukari ilishuka. Nilirudi kufundisha nimesimama, na ubao nikaufuta mwenyewe.