Mikono Isiyogusa Mzizi

"Usinipandishie sauti mlangoni pangu, Asmahani! Wa kulalamika hapa ni mimi. Mwili wangu mwenyewe umenigeuka, na wewe unakuja kunidai kuku!"

"Kuku umeshamla, Bi Mastura. Dawa yangu iko wapi?"

Dawa ilikuwa jalalani. Mastura aliitupa asubuhi ile, na si mara ya kwanza. Mtaa mzima wa Ngamiani ulimjua: mwanamke akisumbuliwa na chango, kiuno kikamkata kila mwezi hadi akatambaa, hupelekwa kwa Mastura. Lakini bibi yake alimwachia mwiko: aliye katika siku zake hagusi mzizi wala chungu. Akigusa, dawa hupoa, ikawa maji ya kuoshea miguu.

Ujanani mwiko huo haukumpa shida. Mwezi ukiandama, naye siku zake hizo. Jembe huliweka darini, akapumzika. Tangu Ramadhani ya mwaka 1954, zilikuja zilivyotaka zenyewe. Kimya, kimya, halafu yuko juu ya lori anarudi kutoka Maramba na kikapu cha mizizi mapajani, mara anahisi damu.

Angekoma kabisa angeshukuru, maana aliyekoma huchimba siku yoyote. Yeye hakuwa huku wala kule. Akachukua ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Akakaa. Akasimama.

"Katafute kwa mwingine."

"Mwingine nani? Siku zangu zinakaribia, nitalala chini tena nang'ata kanga. Sadalla anasema nimerogwa. Safari hii akiniona vile ananirudisha kwetu."

"Sadalla mumeo? Huyo anayelia akichomwa na mwiba wa samaki?"

Asmahani hakucheka. Mastura akautupa ufagio.

"Leo wewe ni msafi?"

"Msafi."

"Basi vaa viatu."

Mti ule hakuwahi kumwonyesha mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Juu ya lori, njia nzima ya Maramba, aligeuka huku na huku, mpaka abiria mmoja akamuuliza kama amekalia siafu. Kichakani akasimama mbali, mikono nyuma.

"Si huo, huo chakula cha mbuzi! Ule wenye majani mawili mawili. Chimba pembeni. Mkubwa wa katikati uuache, ukiukata, mti unakufa, na sisi tutabaki na machango yetu."

Asmahani akachimba hadi jasho likamwingia machoni.

"Kumbe ni huu tu?"

"Ni huo tu. Ukimwambia mtu, nakuja kukung'oa meno."

Asmahani akaifunga mizizi ndani ya kanga, akajitwika mwenyewe. Hakuna aliyeigusa ila yeye.

"Bi Mastura, habari ya kuku tumemalizana."

"Kuku mwenyewe alikuwa amekonda," akasema Mastura, akatangulia barabarani kutafuta lori.