Kabichi za Bibi na Konokono wa Makumira

Jana asubuhi nilitoka nje na kikombe cha chai kuangalia spinachi nilizopanda kwenye ndoo kuukuu, hapa Usa River ninapoishi. Weee! Majani yamebaki matundu matupu, na ukingoni mwa ndoo kuna mstari wa ute unang'aa. Jirani akanishauri nikimbilie duka la pembejeo nikanunue sumu. Sumu? Mimi niliyelelewa na bibi yule? Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Keti rafiki yangu nikusimulie, maana najua unadhani konokono ni jambo dogo.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na bustani ya kabichi nyuma ya nyumba yake kule Makumira, pembeni ya migomba na kahawa. Nilikaa naye tangu nilipoanza shule. Babu alishafariki, kwa hiyo tulikuwa mimi na yeye, ng'ombe mmoja wa zizini, kuku wachache na bata wenye kelele. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mweusi uliolowa, ikachanganyika na moshi wa kuni na maziwa yanayochemka, namwona bibi ameinama kwenye matuta yake, khanga kiunoni, anazisemesha kabichi kama watoto.

Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alifanya kazi Arusha mjini. Kila akija Jumapili wimbo ulikuwa ule ule: mama umechoka, njoo ukae na sisi. Masika ile konokono walipovamia, akaona amepata mwanya. Walikuja wa kila namna, wenye nyumba mgongoni na wale wasio na nyumba, tuliowaita konokono uchi. Tunalala miche imesimama, tunaamka imekatwa shingo.

"Mama, unaona mwenyewe," baba mdogo akasema. "Shule zikifungwa mwezi wa sita kama hakuna kabichi hapa, nakuja na gari, unafunga mlango, tunaondoka."

"Sawa," bibi akajibu. "Na zikiwepo, hutanitajia tena habari za mjini."

Mwenzio nililia siku ile. Bibi akihama ningehamishwa na mimi, na mjini nisingeweza kuishi. Bibi hakulia. Alijifunga khanga upya akasema, "Mimi nitolewe kwangu na kidudu kisicho na mfupa? Thubutu!"

Tulianza na majivu ya jikoni. Tulizungushia kila mche, na kweli, siku ya kwanza hakusogea hata mmoja. Lakini unajua manyunyu ya Meru, hayana muda maalumu. Yalishuka mchana, majivu yakawa uji, na konokono wakapita juu yake wakijinafasi. Tukaweka maganda ya mayai yaliyopondwa. Yalisaidia kidogo, ila kuku wetu walikuwa wachache na matuta mengi.

Ndipo bibi akakumbuka magadi, yale yale tuliyotia kwenye makande. Aliyaponda, akayamwaga kuzunguka miche kwa mkono usio na uchoyo. Konokono walikufa, sikatai. Kisha mvua ikayayeyusha yakashuka kwenye mizizi, na tuta zima likawa la njano, majani yamejikunja. Bibi akasema, "Haya, tumejua," akachukua jembe akaanza kung'oa ili apande upya.

Aliyetuokoa ni mama wa jirani, ambaye alikuwa akipika pombe ya ndizi. Alimwambia bibi kutoka ng'ambo ya ua kwamba kwenye shimo anakomwaga machicha ya pombe hukuta konokono wamezama kila asubuhi. Sasa shida ikawa hapo. Bibi alikuwa mtu wa uamsho, aliyeokoka, ambaye akipita karibu na kilabu cha pombe alikuwa akivuka upande wa pili wa barabara. Nilidhani atanituma mimi. Wapi! Alivaa gauni lake la kanisani, akachukua ndoo, akaingia kilabuni mchana kweupe.

"Bwana asifiwe!" akasalimia.

Jamani! Wazee wazima walificha vikombe chini ya benchi. Mmoja wao, mwimba kwaya mwenzake, akaitikia "Amina" huku povu bado liko mdomoni.

"Nimekuja kuchukua machicha ya konokono," bibi akatangaza. "Endeleeni tu, Mungu anawaona."

Tulifukia makopo usawa wa udongo, tukajaza yale machicha. Asubuhi yake makopo yalikuwa yamejaa konokono. Bibi aliyachungulia moja moja, akatikisa kichwa. "Maskini," akasema, "wamekufa bila kutubu."

Lakini bado walizidi kuja, na ni hapo akili yake ilipofanya kazi. Kila siku tulikuwa tukikatakata migomba kumlisha ng'ombe, na mabaki ya horini tukiyatandaza bustanini yawe mbolea. Ndivyo walivyofanya watu wote pale, na walijisifia. Bibi akainua kipande kimoja cha mgomba, chini yake kumejaa konokono, wamelala kwenye ubaridi safi. Akapiga makofi. "Mama wee! Kumbe sisi ndio tunaowatandikia!" Siku hiyo hiyo tukaondoa mabaki yote. Tukaacha vipande vichache pembeni, mbali na kabichi, na kila alfajiri kabla ya shule niliviinua, bata wakamaliza kazi.

Mwezi wa sita baba mdogo alikuja na gari kama alivyoahidi. Kabichi zilikuwa zimefunga vichwa vigumu. Bibi alizikata, akaijaza buti ya gari mpaka ikagoma kufunga, akamwambia, "Haya baba, safari njema. Wasalimie mjini." Baba mdogo hakutaja tena habari za kuhama.

Mwezi uliopita nilipita pale. Bibi alipofariki shamba liligawanywa, na vipande vikauzwa kimoja kimoja. Hakuna mgomba, hakuna hori, hata harufu ile haipo. Ni vyumba vya kupanga vya wanafunzi wa chuo, saruji mpaka mlangoni. Niliumia, siwezi kukuficha. Binti mmoja aliyekuwa anafua aliinuka.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Bibi yangu, alikuwa anaishi hapa."

"Pole, mama. Atakuwa alishahama."

Nikamwonyesha kaburi kwenye kona, limezungukwa na mimea ya masale, kipande pekee ambacho hakikuuzwa.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hajahama."